Mwaka wa Sauti Tatu

Wasifu wa marehemu Nkwimba ulisomwa kwa muda mfupi tu, na ule mwaka haukuwamo. Msomaji alikuwa mpwa wake, kijana mwenye suti iliyompwaya, akasimama chini ya turubai na karatasi mbili mkononi, akasoma mahali alipozaliwa, shule alizosoma, ndoa, watoto wanne, duka la sare za wanafunzi pale karibu na stendi ya Bariadi, ugonjwa wa figo, hospitali, mwisho. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikasubiri. Nilidhani labda atageuza ukurasa na kusema kwamba kuna mwaka mmoja mama huyu aliimba, na watu walitoka vijijini kwa baiskeli kuja kumsikia. Hakugeuza. Alikunja karatasi zake, akaomba tusimame kwa sala. Tulipoinuka ndipo nikamwona Wande, ng'ambo ya jeneza, kafunga kitambaa cheusi hadi kwenye nyusi, kasimama vilevile alivyokuwa akisimama zamani, uzito wote kwenye mguu mmoja. Alikuwa akimtazama yule msomaji. Nadhani na yeye alikuwa akisubiri.

Tulikutana kwenye foleni ya kunawa mikono. "Mwadila, Minza," akaniambia. "Mwadila. Mhola?" "Mhola duhu." Baada ya salamu hizo za kwetu tukasimama, watu wazima wawili wenye vidole vinavyochuruzika maji. Akasema bado yuko Migato, analima. Nikasema bado nafundisha, nakaribia kustaafu. Hakungoja chakula. Nilimwona akipanda pikipiki, akakusanya khanga yake magotini, akaondoka bila kugeuka. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni na nguo zangu za msibani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya thelathini nikajiruhusu kuukumbuka mwaka ule wote, tangu mwanzo, bila kuruka sehemu ninazozirukaga.

Ulikuwa mwaka ambao madirisha ya maduka yalijaa. Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni ghafla tukawa tunachagua sabuni kwa harufu. Nguo za mitumba zilimwagwa chini kwenye gulio, marundo kwa marundo, na kampuni za watu binafsi zikaanza kuja kununua pamba, kazi ambayo tangu tupate akili tuliijua kuwa ni ya ushirika. Mimi, Nkwimba na Wande tulikuwa wasichana wa miaka ishirini hivi, tukijifunza cherehani kwa Mama Tausi, mjane mcheshi mwenye asili ya Tabora. Alikuwa akilalamika kutwa kwamba mitumba itamfunga duka, na kutwa hiyohiyo wateja walikuwa wakimletea hiyo mitumba aipunguze. Sisi tulilala chumba cha nyuma. Kilikuwa na kitanda kimoja, godoro moja la chini, na dirisha dogo lililotazama choo cha jirani. Kuta zilinukia mafuta ya cherehani na moto wa pasi ya mkaa. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyochemshwa na karanga, bakuli moja, na Nkwimba alikuwa anakula haraka mno, akidai kwamba anayekula polepole hana njaa ya kweli.

Kuimba hakukuanza kama jambo. Kulianza kama namna ya kupitisha mchana. Nkwimba alikuwa na sauti ya juu, nyembamba, inayopita hata cherehani tatu zikiwa zinakwenda. Wande alikuwa na sauti ya chini, nzito kuliko umri wake, na alipoimba alikuwa akitazama sakafu kana kwamba maneno yameandikwa pale. Mimi nilikuwa katikati. Watu hawaisikii sauti ya katikati, wanasikia tu kwamba kuna kitu kimekaa sawa, na sikuwahi kuona uchungu kwa hilo. Nilipenda kuwa pale ndani, juu yangu mtu na chini yangu mtu. Jumapili moja mchana tulikwenda kwenye kibanda cha video tukaona wanawake watatu wa nje, sijui hata wa nchi gani, wamevaa magauni ya rangi moja, wanaimba wakigeuka kushoto na kulia kwa pamoja. Hatukuelewa neno hata moja. Tulirudi hadi mlangoni kwa Mama Tausi, ndipo Nkwimba akasema, "Wale hawatushindi." Wande akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimewaza hivyohivyo na nikaona aibu.

Wimbo ulitungwa na Wande. Nasema hivi wazi kwa sababu baadaye watu wengi waliuita wimbo wa Nkwimba. Aliutunga akiwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma anatoa nyuzi kwenye suruali za watu, na maneno yake yalikuwa machache: *Nimekulima kwa jua, pamba yangu, nimekupalilia mgongo ukiuma, leo nimevaa gauni, twende mjini.* Basi. Kiitikio kilikuwa cha Kisukuma, mwito tu wa kuitana shambani ambao kila mtu kwetu anaujua. Ukiusoma kwenye karatasi hauna kitu. Lakini Wande alipouanza kule chini, nami nikaingia, na Nkwimba akaja juu yetu kwenye neno *gauni*, Mama Tausi alisimamisha cherehani yake. Alisubiri hadi tumalize, akaendelea kushona, na tulijua kwamba hiyo ndiyo sifa.

Meneja wa mojawapo ya zile kampuni za pamba alikuja kupunguza suruali. Alikuwa mtu wa kutoka mbali, mpole, msafi wa kucha, na alikaa kwenye benchi la mbele akiwa amejifunga kitenge cha Mama Tausi kiunoni huku suruali yake iko mezani. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia hatukujua kama kuna mteja, tukaimba kama kawaida. Nilimsikia akiuliza, "Hiyo redio ni ya nani?" Mama Tausi akajibu, "Hiyo si redio, baba. Hao ni wanangu." Wiki iliyofuata alirudi na kinanda kidogo cha betri, chenye kitufe cha mdundo, na wazo lake. Kampuni yake ilikuwa mpya, wakulima hawaijui, wanaiogopa. Angetupandisha kwenye lori na spika ya honi, tuzunguke vituo vya kununulia pamba tukiimba, watu waje. Alitaka badiliko moja tu. Mahali pa *leo nimevaa gauni, twende mjini*, tuseme *leo nimekuleta penye mizani ya kweli*. Wande alifikiri kidogo, akasema, "Linaingia kwenye mdundo." Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Mama Tausi alitushonea magauni matatu ya njano kutoka jora moja, na bado naikumbuka mikono yake ikinigeuza mbele ya kioo, pini midomoni, akinung'unika kwamba nina mabega ya mchunga ng'ombe.

Nimejaribu mara nyingi kumweleza binti yangu furaha ya miezi ile, nikashindwa, kwa sababu ukiieleza inakuwa ni lori, vumbi na wasichana watatu wenye kipaza sauti kimoja. Tulikaa juu ya magunia matupu ya pamba, tukila miwa. Tukifika kituoni Nkwimba anabonyeza kitufe, mdundo unaanza kulia ti-ka ti-ka, na watu wanatoka kwenye miti na nyumba kama wameitwa kwa majina. Wazee wenye fimbo walikuwa wanasogea karibu kabisa na spika na kuinamisha kichwa. Wanawake walituletea maziwa ya mgando kwenye vibuyu, wakatuita mayu, yaani mama, ingawa tulikuwa watoto kwao, na kiitikio walikiimba wao wenyewe, mamia ya watu, hadi sisi tukawa tunanyamaza kuwasikiliza. Sauti zetu zilikuwa zimeshazoeana kiasi kwamba mmoja akipiga chafya wawili wanaziba pengo. Tulianza kusikia kwamba stendi wanatutaja, kwamba kuna akina mama wamewaita mapacha wao majina yetu. Mwenzio akikushika kiuno lori likiyumba, nawe unamshika mwingine, unaamini kabisa kwamba hivi ndivyo maisha yatakavyokuwa.

Kalemela tulifika mchana wa jua kali. Mlinzi wa kituo alitukaribisha nyumbani kwake, na mkewe alitupikia samaki wa ziwani kwa nyanya na ugali wa udaga, ule unga wa mihogo, na hapohapo kwenye mkeka Meneja akatuambia kwamba msimu ukiisha atatupeleka Mwanza, kuna chumba cha kurekodia, tutatoa kaseti. Nkwimba aliacha kula. Ni mara pekee niliyomwona anaacha kula. Mimi nilikwenda uani kunawa, na uani palikuwa na ukuta wa matete, na upande wa pili wa ukuta ule walikuwa wamekaa karani wa kampuni na mpimaji mpya aliyeanza kazi siku hiyo. Karani alikuwa anamfundisha. "Mshale usiuache kwenye sifuri," alisema. "Uvute nyuma kidogo, kilo tatu hivi. Mkulima anatazama unaposimama, hatazami unapoanzia." Yule mpya akauliza, "Na wakigundua?" Karani akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni, "Wale wasichana wakiimba, nani anatazama mizani?"

Nilisimama na mikono yenye maji. Nakumbuka kwamba kulikuwa na bata watatu, na mmoja alikuwa anakunywa maji niliyonawia. Kisha nikarudi ndani, nikakaa kati ya Nkwimba na Wande, nikamega ugali. Wande aliniuliza, "Mbona umekawia?" Nikasema sabuni ilikuwa imeanguka. Sikutafuta ushauri wa mtu, sikujipa hata usiku mmoja wa kuwaza. Niliamua kati ya tonge moja na lingine kwamba sikusikia kitu, kwa sababu nilikuwa nimeshasikia kuhusu Mwanza. Jioni ile tuliimba vizuri kuliko siku zote, na nilikuwa ninatazama kichwa cha Wande kilichoinama, anaimba *mizani ya kweli* kwa sauti yake ile ambayo mtu hawezi kuisikia akafikiri ni uongo.

Wiki mbili baadaye lori lilipita Migato, kwao Wande, na Meneja akaturuhusu twende kula kwa baba yake mdogo kabla ya kuimba. Nyumba ilikuwa imepakwa udongo mpya kwa ajili yetu. Tulikula ugali wa mtama na nsansa, yale majani makavu ya kunde, yaliyoungwa karanga, na mzee alitusifu sana, akataka kila mmoja amwonyeshe ni sauti ipi yake. Tulipomaliza alimgeukia Wande, akazungumza polepole, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Mwanangu, mimi ile kampuni nilikuwa siitaki," alisema. "Nikausikia wimbo. Nikamwambia mama yako mdogo, hiyo sauti nene ni ya Wande. Kama mtoto wetu anasema mizani ya kweli, basi ni ya kweli. Nikapeleka. Nilikuwa nimepima hapa kwanza, kwa mizani ya zamani ya ushirika, mimi na jirani. Kule kila gunia lilipungua, na yote kwa kilo zilezile." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mwenye adabu na sisi tulikuwa wageni wake, akaongeza, "Labda nilikosea kusoma."

Wande hakunywa maziwa yake. Tulipokuwa tunarudi kituoni kwa miguu, kwenye njia nyembamba kati ya mashamba, alisimama akatugeukia. "Ninyi mlijua?" Nkwimba alisema, "Nijue wapi mimi?" na ilikuwa kweli. Mimi nikasema, "Hapana." Wande akasema basi tusiuimbe tena mstari ule, turudishe ule wa gauni. Nkwimba akasema Meneja hatakubali. Wakabishana pale njiani, sauti ya juu na sauti ya chini, na nilimsikia Nkwimba akisema jambo ambalo sijamlaumu nalo hata leo. "Sisi hatupimi, Wande. Sisi tunaimba tu. Wewe una shamba la kwenu, ukitoka hapa una pa kwenda. Mimi nina sauti hii na hicho kitanda cha Mama Tausi. Niache nifike Mwanza." Wande akanitazama mimi, akingoja sauti ya katikati. Nikasema tumalize msimu kwanza, halafu tutaona. Siku ile pale Migato aliimba, lakini alipofika kwenye mstari alikuwa akiufungia midomo, na mimi nilishuka chini kidogo kuuziba ule uwazi ili watu wasijue.

Kituo cha mwisho kilikuwa Malampaka, jirani na stesheni ya reli. Ilikuwa saa tisa, watu wengi sana, magunia yamepangwa kama ukuta. Tuliimba ubeti wa kwanza. Tulipokaribia mstari, Wande alinyoosha mkono akakishika kipaza sauti, akakitoa taratibu mbele ya Nkwimba, akasema kwa Kisukuma, bila kupaza, kwamba anaomba radhi kwa wazee wake na mama zake, wimbo huu ni wake yeye, na una neno moja lisilo la kweli. Akasema wapime kwanza kitu wanachokijua uzito wake. Mdundo wa kinanda uliendelea, ti-ka ti-ka, kwa sababu Nkwimba alikuwa ameganda hakukumbuka kuuzima. Mzee mmoja alitoka kwenye umati akaenda dukani, akarudi na mfuko wa saruji umebebwa na watu wawili, mfuko mzima haujafunguliwa, umeandikwa kilo hamsini. Waliutundika kwenye mizani. Mshale ukasimama kwenye arobaini na saba. Hakuna aliyepiga kelele. Kulikuwa na mguno mmoja mrefu, kisha watu wakaanza kuchukua magunia yao, mmoja mmoja, kuyaondoa kwenye ule ukuta.

Meneja hakugombana. Alimtazama karani, akatazama umati, akasema tufunge virago. Hadi leo sijui kama alikuwa anajua au hakujua. Lori liliwashwa. Nkwimba alipanda wa kwanza akiwa amekumbatia kinanda, machozi yanaingia mdomoni, akanyoosha mkono. "Panda, Minza. Mwanza ni wiki ijayo." Wande alikuwa amesimama karibu na reli na gauni lake la njano, peke yake, maana watu walikuwa wameshughulika na magunia yao. Hakuniita. Alinitazama tu. Kutoka kwenye gurudumu la lori hadi aliposimama hapakuwa na hatua kumi na tano. Nilimpa Nkwimba mkono, akanivuta juu.

Chumba cha kurekodia cha Mwanza kilikuwa kimebandikwa trei za mayai kuta zote, kilikuwa na joto, na fundi mitambo alikuwa anakula mihogo ya kukaanga huku amevaa vipokea sauti masikioni. Meneja alikuwa ametimiza ahadi yake. Alitulipia, akaondoka, na hatukumwona tena. Tuliimba wimbo wa Wande na mstari wake wa zamani wa gauni, hilo angalau tulikubaliana bila kusemezana. Mara ya tatu fundi alitusimamisha. "Huku chini mbona hakuna mtu?" aliuliza. Nkwimba akanitazama. Basi nikashuka mimi, nikaimba ya Wande, na pale katikati nilipokuwa nikiishi mimi pakabaki patupu. Kaseti ilitoka. Ganda lake lilikuwa na ile picha ya zamani tuliyopiga kwa Mama Tausi, wote watatu, na kwa miezi kadhaa wimbo ule ulipigwa kwenye vibanda vyote kutoka Lamadi hadi Maswa. Watu walinisimamisha njiani kunipongeza. Mimi nilikuwa nikiusikia nachepuka, kwa sababu nilijisikia mwenyewe nikijaribu kuwa mtu mwingine, na nikisikia pia, kila mara, mahali ambapo alitakiwa awepo.

Hatukugombana, mimi na Nkwimba. Watu wakiuliza kikundi kilivunjikaje wanataka ugomvi, mwanaume, jambo la kusimulia. Ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, chumba cha nyuma, godoro la Wande limeegemezwa ukutani. Tulijaribu wimbo mpya. Tulijaribu mara tano, mara sita. Nkwimba akasimama, akazima kinanda, akasema, "Haiwi." Nikasema, "Labda tukianzia chini zaidi." Akasema, "Minza, haiwi." Mama Tausi alituletea chai, akaona nyuso zetu, akaweka sinia chini akatoka. Mwezi uliofuata Nkwimba alikwenda Mwanza kuimba hotelini, akaimba miaka michache, akarudi na mume na mashine mbili za kushonea. Mimi nilipata nafasi chuo cha ualimu. Kampuni ile haikurudi msimu uliofuata. Bango lake lilipakwa rangi likawa la duka la vipuri vya baiskeli. Mimi na Nkwimba tuliishi mji mmoja miaka yote hii, tukasalimiana sokoni, nikanunua sare za watoto wangu kwake, na hatukuwahi kuutaja mwaka ule hata mara moja. Migato ni mwendo wa asubuhi tu. Sikuwahi kwenda.

Nilikwenda wiki ya tatu baada ya mazishi. Wande alikuwa amekaa uani na ungo wa mchele mapajani, anachambua. Hakushangaa kuniona. Alinionyesha kigoda, akanisogezea nusu ya mchele kwenye sinia, nasi tukachambua pamoja. Kisha nikamwambia. Nilimwambia kuhusu Kalemela, ukuta wa matete, karani, mshale, na kwamba aliponiuliza njiani nilikuwa nimeshajua wiki mbili. Vidole vyake havikusimama.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Nilipouliza, Nkwimba alinitazama usoni. Wewe ulitazama viatu vyako."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Hilo nililimaliza zamani. Watu wengi walijua mambo mwaka ule wakanyamaza." Alitupa jiwe dogo pembeni. "Mimi nilitaka ushuke. Lori lilipoondoka nilikaa pale stesheni. Nikasema, atashuka kule kwenye kona, atarudi kwa miguu. Gari moshi la mizigo likapita, nikasema, labda linamzuia, yuko ng'ambo ya reli. Likaisha kupita. Nikakaa tena. Baada ya hapo nikasema, basi atakuja Migato. Mwezi huu, mwezi ujao. Nilikuwa nikikusikia kwenye redio za watu, unaimba yangu, unaikosea, nikasema, atakuja angalau nimwonyeshe."

Kuku waliingia, akawafukuza kwa mguu. Aliniuliza mwisho wa Nkwimba ulikuwaje, nikamweleza, maana nilikuwa nimekwenda hospitali mara mbili zile siku za mwisho. Nilimwambia alivyokuwa amekonda, alivyokataa uji, alivyosema na wanawe. Wande alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kwake, "Alinitaja?"

Kulikuwa na jibu rahisi pale, na lingempa raha, na hakuna mtu duniani ambaye angelipinga. Nilikaa nalo mdomoni kidogo.

"Hapana," nikasema. "Hakukutaja. Hata mimi hakunitajia habari za mwaka ule. Aliongea na mimi kama mteja wake wa siku nyingi."

Wande alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, taratibu. Aliinua ungo, akaupepeta, pumba zikaruka upande wa jua. "Basi tumtaje sisi," alisema.

Akaanza yeye. Alisema Nkwimba alikuwa anaogopa mbuzi, mtu mzima yule, na kwamba kuna siku kituoni mbuzi alipanda lori naye akaimba ubeti mzima akiwa amesimama juu ya ndoo. Nikasema alikuwa analala na miguu nje ya blanketi, ukiifunika anaamka. Wande akasema, ndiyo, na alikuwa anaongea usingizini, anataja bei za nguo. Tulicheka. Mchele uliisha, tukauosha, tukauweka jikoni, tukaendelea palepale moshini, hili na hili, na kila tulipomaliza mmoja wetu alikuwa na lingine.